Madrega ya Feivish

Benchi liko chini ya dirisha letu, limeegemea ukuta wa duka la chai la mama yangu. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani wakaweka tofali, na tangu hapo kila anayekaa upande huo huinama kidogo kama mtu anayetaka kunong'ona. Wenyewe ni watatu. Yoine Kaisari aliwahi kuwa askari wa Kaisari, na ukimsikia akiagiza chai utadhani bado yumo kambini. Fishl Nusu Rabi alisomea urabi akaishia katikati, akaoa, akauza chumvi. Berish Mvuke ndiye mwangalizi wa bafu la mji, na anaijua migongo ya wanaume wa Stavishov kuliko nyuso zao. Hukaa hapo kuanzia jua linapogeuka mpaka wanapoitwa kwenye sala ya jioni, kila mmoja na bilauri yake ya chai na donge la sukari limebanwa kwenye meno, na hubishana. Kazi zao huwangoja.

Siku ninayoisimulia nilikuwa juu, kitandani, mtoto wangu wa kwanza akiwa ubavuni. Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki nje, na mapazia yangu yalikuwa yamebandikwa karatasi za zaburi ili kitu kibaya kisipite. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kesho yake asubuhi mtoto angetahiriwa, na mtoto akitahiriwa hupewa jina mbele ya watu, na jina likishatamkwa halirudishwi. Jina tulilokuwa tukilifikiria lilikuwa la baba yangu, Feivish. Shida ni kwamba hatukujua kama baba yangu amekufa.

Aliondoka nikiwa msichana wa kusukwa nywele, mara baada ya Pasaka, na fimbo na mfuko wa mikate mikavu. Alijitwika uhamisho. Wapo wanaume wetu wanaofanya hivyo: hutembea mji hadi mji kama ombaomba, hawalali mara mbili kwenye kitanda kimoja, hawamwambii mtu jina lao, mpaka roho inyooke. Baba alisema ni mwaka mmoja tu. Tangu hapo nimeolewa, nimengoja mtoto mpaka wanawake wakaacha kuniuliza, na sasa nimezaa. Yeye hajarudi, wala hakuna aliyemwona.

Sisi hatumpi mtoto jina la jamaa aliye hai. Malaika wa mauti akitumwa kumchukua Feivish, akaingia kwenye ukoo wenye Feivish wawili, hana muda wa kuuliza umri. Lakini kama baba amekufa, basi jina lake linataka mtu wa kulibeba, na mkunga alikuwa ameniambia kwa upole, huku akikunja vitambaa, nisitegemee mtoto mwingine. Nikikosea upande huu, nampoteza mtoto. Nikikosea upande ule, baba yangu anafutika duniani kama hakuzaliwa.

Mume wangu Getzl, ambaye hushona kofia, alikwenda kwa rabi. Rabi akasema hana shahidi wa kufa kwake wala shahidi wa kuishi kwake, tukawaulize waliomjua. Waliomjua ni hao wa benchi. Nikamsikia Getzl akishuka ngazi, akikohoa njia nzima ili apate ujasiri.

Getzl: Amani kwenu, wazee wangu.

Yoine: Na kwako, baba mtoto! Kaa. Si hapo, hapo pana tofali.

Getzl: Sikai. Nina swali moja tu. Mkwe wangu Feivish, mnadhani yu hai au amekufa?

Berish: Ebo! Mtu hajamaliza hata donge la sukari.

Yoine: Swali gani hilo la kumrushia mtu saa ya chai?

Getzl: Kesho asubuhi lazima tutaje jina. Rabi amesema nije kwenu.

Fishl: Rabi? Kasema kwetu?

Getzl: Alisema kwa waliomjua.

Fishl: Mmesikia? Rabi mwenyewe. Halafu mke wangu anasema nakaa hapa bure.

Berish: Haya, Nusu Rabi, leo umekuwa robo tatu. Mjibu kijana.

Fishl: Namjibu. Sikiliza, mwanangu. Swali lako limekaa vibaya. Huwezi kuuliza kama Feivish yu hai kabla hujajua amefika madrega gani.

Nilijua tutafika hapo. Madrega ni neno la vitabu vya siri, vile ambavyo mwanamume haruhusiwi kuvifungua mpaka ndevu zianze kuota mvi. Ni mahali roho ya mtu ilipopanda ikasimama. Mwingine roho yake iko hapa chini na viatu vyake, mwingine iko juu kidogo, na mwingine iko juu mpaka malaika wanampisha njia. Sikulisoma neno hilo popote. Nimelisikia dirishani maisha yangu yote, kama watoto wa mhunzi wanavyosikia nyundo. Na hao watatu ndio waliolipachika kwa baba yangu wakamwita Feivish Madrega.

Baba alikuwa mtengeneza mishumaa, mtu wa kucheka, na nafasi yake ilikuwa hapohapo kwenye benchi, upande wa tofali. Mwaka mmoja walikwenda wote wanne kwa Rebe wa Brinitz, mtakatifu ambaye watu humwendea kutoka mbali, kwa sikukuu. Kwenye meza ya Rebe watu hugombania masalio ya sahani yake, hata tonge moja, kwa maana baraka imo humo. Siku hiyo Rebe hakungoja wagombanie. Alichukua kichwa cha samaki, akaitazama meza nzima, akampa mtengeneza mishumaa wa Stavishov ambaye hakuna aliyemjua. Hakusema neno. Waliporudi, kabla magurudumu hayajasimama, benchi lilikuwa limeshaamua kwamba Rebe ameona kitu.

Yoine: Mimi madrega naielewa vizuri kuliko nyie, maana ni kama jeshini. Kuna kuruta, kuna koplo, kuna sajini. Kichwa cha samaki ni ukoplo. Kweli si kweli?

Berish: Kweli, Kaisari, endelea.

Yoine: Akaondoka hapa akiwa koplo. Mwaka wa kwanza wa uhamisho, sajini. Anatembea, analala nje, anakula ukoko, hapo anapandishwa. Sasa hivi ni kapteni. Ninyi mmewahi kuona kapteni anapewa likizo kirahisi? Mtu akiwa kuruta anakwenda nyumbani kila mavuno. Akiwa kapteni, jeshi lote linasema hatuwezi bila wewe.

Getzl: Kwa hiyo yu hai?

Yoine: Yu hai kabisa. Hajapewa ruhusa tu.

Berish: Wapi! Unamsikiliza huyu? Alipigwa na farasi kichwani, na farasi mwenyewe alikuwa wetu.

Yoine: Nililipiga taifa zima kumbo nikiwa peke yangu...

Berish: Uliwapikia maharagwe. Getzl, baba, nisikilize mimi niliyemwona mtu bila shati. Mgongo hausemi uongo. Kule bafuni kuna ngazi ya mwisho karibu na dari. Huyu Yoine akipanda pale, hajakaa sawa ameshashuka analia.

Yoine: Silii, ni jasho.

Berish: Jasho la machoni. Feivish alikaa pale. Alikaa mpaka nikasahau nimemwacha. Nikapanda na kata ya maji, nikamkuta anaimba kidogokidogo, mgongo wake mweupe kama unga. Joto halikumgusa! Nikajua huyu mwili wake umeshalegea kwake, kama koti kubwa.

Getzl: Na maana yake?

Berish: Maana yake hasikii baridi wala njaa. Na mtu asiyesikia baridi wala njaa, atajuaje akifa?

Fishl: Unasema nini wewe?

Berish: Nasema amekufa zamani, ila hajagundua. Bado anatembea.

Wakacheka, na Getzl naye akacheka kwa adabu, lakini mimi sikucheka. Niliiwazia barabara moja ya mbali yenye vumbi, na mtu anayetembea juu yake bila kuambiwa. Mtoto alisogea akatafuta titi. Nikampa.

Mama akatoka na birika. Nilimjua kwa hatua zake. Benchi zima likanyamaza, kama linavyonyamaza kila mara mama anapofika wakati wanamzungumza baba. Chai ikamiminwa. Bilauri ya Berish iliwekwa chini kwa kishindo.

Berish: Asante, Mama Hinde. Chai ya leo nzito, Mungu akubariki.

Mama akageuka na birika lake. Hajawahi kusema lolote juu ya jambo hili mbele yao. Hajakaa matanga, hajararua nguo kwa msiba, hajaenda kwa rabi kuomba chochote. Anauza chai. Alipoingia ndani, sauti zao zikarudi polepole, kwanza kama kunong'ona, kisha kama zamani.

Getzl: Wazee, mimi nafikiria tu. Kama hamna hakika, upande wangu pia yuko babu. Kalmen, wa Rudka.

Yoine: Kalmen yupi huyo?

Getzl: Alikuwa anasokota kamba.

Fishl: Alisoma?

Getzl: Alisali kama watu wengine.

Fishl: Aliona ndoto? Aliponya mtu? Alifunga?

Getzl: Alipenda matango ya chumvi. Alikufa kitandani kwake, bibi amemshika mkono.

Berish: Mungu wangu, madrega ya matango!

Yoine: Huyo hata kuruta hakufika. Huyo alibaki mlangoni mwa kambi anauza matango.

Fishl: Getzl, mwanangu, usituaibishe. Mtoto wa kiume, wa kwanza, mjukuu wa Feivish Madrega, halafu umwite jina la kamba?

Getzl: Ni wazo tu.

Fishl: Liweke mfukoni. Sasa sogeeni, nataka kusema kitu ambacho sijawahi kusema hapa. Tena si cha kupeleka kwa wake zenu.

Yoine: Kila siku unasema hivyo, halafu mkeo ndiye anayetuhadithia.

Fishl: Ipo madrega ambayo mtu akiifika haonekani tena. Imeandikwa.

Berish: Wapi?

Fishl: Ukurasa wa kushoto. Mtu anakuwa msafi mpaka jicho linampita, kama unavyotazama kioo cha dirisha kilichooshwa. Feivish hayuko mbali. Feivish anapita hapa kila siku ya soko. Juzi mtu alinikanyaga, nikageuka, hakuna mtu.

Yoine: Alikuwa mbuzi. Nilimwona.

Fishl: Uliona mbuzi. Je, uliona nani aliyekuwa anamwongoza mbuzi?

Yoine: Mbuzi alikuwa peke yake.

Fishl: Haswa!

Berish: Ngoja, ngoja. Huyu leo ameamka vizuri. Kwa hiyo ule moto wa mwaka juzi, ulioteketeza mtaa wa wachinjaji ukafika hapa ukasimama...

Yoine: Ulisimama kwa sababu tulibomoa ghala la Leizer.

Fishl: Na nani aliyewatia wazo la kulibomoa?

Nilisikia sukari ikivunjika kwenye meno ya mtu.

Fishl: Sasa mmeanza kuona. Amepanda mno. Amefika pale ambapo dunia inamwegemea mtu mmoja kama tunavyouegemea ukuta huu. Stavishov yote imemwegemea Feivish. Akisogea kidogo, kinu cha mto kinabomoka. Akikohoa, ng'ombe wanakosa maziwa.

Berish: Ndiyo maana harudi! Anatuhurumia.

Yoine: Hata Kaisari mwenyewe hawezi kumpa amri mtu wa namna hiyo.

Getzl: Lakini yu hai au amekufa?

Fishl: Mwanangu, mtu wa madrega hiyo si hai wala si mfu. Hayo mawili ni ya watu wa matango.

Getzl: Basi jina lake linaruhusiwa?

Fishl: Linaruhusiwa na halijaruhusiwa.

Getzl: Nikamwambie nini mke wangu?

Fishl: Mwambie hivyohivyo. Atafurahi.

Nilitaka kuinuka nichungulie dirishani niwaambie kitu. Mimi si mtu wa kupaza sauti, na mwanamke katika hali yangu hachungulii barabarani, lakini maneno yalikuwa yamenifika kooni. Maana yale ambayo benchi halikujua, sisi wa juu tuliyajua. Baada ya kile kichwa cha samaki, baba hakukaa tena pale chini. Alikuwa akifika, wote watatu wanasimama. Alikuwa akisema mzaha, wanautafakari. Watu wakamletea ng'ombe awaombee, wakamletea meno yanayouma. Alikuwa anarudi nyumbani, anakaa kwenye kigoda chake katikati ya ndoo za nta, anamwambia mama, "Tsirl, leo pia wameniinukia." Siku moja nilimsikia akiuliza kwa sauti ndogo sana, "Wakigundua sina kitu?" Wiki iliyofuata alichonga fimbo. Alikwenda kutafuta kile walichosema anacho, ili wasije wakaonekana waongo.

Ndipo gari la farasi likasimama mbele ya duka. Nilisikia majani makavu yakikwaruza mbao, na sauti nisiyoijua ikimtuliza farasi.

Mgeni: Amani kwenu. Hapa kuna chai?

Yoine: Chai ipo na nafasi ipo. Umebeba nini?

Mgeni: Mayai. Ya kupeleka stesheni. Siwezi kukaa, jua likiyashika yatatoka vifaranga.

Berish: Kaa upande wa tofali, hapo pana kivuli. Watoka wapi?

Mgeni: Kolodna. Naitwa Shaye. Endeleeni, nimewakatiza.

Mama akamletea bilauri, akarudi ndani.

Fishl: Tulikuwa kwenye mambo mazito, Bwana Shaye. Kuna mtu wa hapa, rafiki yetu, tuseme ndugu yetu. Alijitwika uhamisho.

Shaye: Lini?

Fishl: Zamani. Amefika madrega ambayo mimi na wewe hata tukipanda mabegani mwa wenzetu hatutaigusa.

Berish: Joto halimgusi.

Yoine: Kapteni. Labda sasa ni jenerali.

Fishl: Dunia imemwegemea.

Shaye alikuwa anapuliza chai yake. Nilisikia anavyopuliza, taratibu, kama mtu mwenye njaa ya kitu cha moto.

Shaye: Ana mke?

Berish: Ndiye aliyekumiminia hiyo chai.

Shaye: Basi niambieni kitu kimoja, maana mimi si msomi. Hiyo madrega. Mtu akishaifika, anaruhusiwa kurudi nyumbani?

Nilingoja. Nikasogeza kichwa karibu na dirisha.

Fishl: Hilo... hilo linategemea.

Shaye: Linategemea nini?

Fishl hakusema linategemea nini. Yoine alisafisha koo, nikadhani ataleta habari za likizo na makapteni, lakini alivuta chai yake tu. Berish akasema, "Mgongo wake..." akaishia hapo.

Shaye: Nauliza tu. Mimi nimetoka kwangu tangu Jumapili, na tayari sisikii ladha ya chakula.

Mlango ukalia. Mama alikuwa amesimama kizingitini, sijui tangu lini.

– Chai imekwisha, akasema.

Na mimi huku juu niliisikia ile samovari, mtungi wa shaba wa kuchemshia maji ya chai, ikichemka, tena kwa nguvu. Nadhani nao waliisikia. Lakini waliinuka mmoja mmoja, wakaweka bilauri zao kwenye sinia bila kugonganisha. Fishl akasema ana mtu anamngoja kwa ajili ya chumvi. Nikamsikia Yoine akijipangusa suruali. Hatua za Berish zikaelekea upande ambao bafu haliko. Mgeni alishukuru, akarudi kwa mayai yake, na gari likaondoka polepole kwenye mawe.

Baadaye kidogo mama akapanda na bilauri ya chai, ile iliyokwisha. Akaniwekea mkononi. Akamchukua mtoto akamweka begani, akasimama dirishani akiwa ameipa barabara mgongo.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Wangekuwa wanapika kama wanavyosema, mji mzima ungenenepa."

Nilikunywa chai. Sikujua nianzie wapi, maana jambo hili lilikuwa halijawahi kuzungumzwa kati yetu, wala siku ya harusi yangu, wakati mahali pa baba alisimama mjomba.

"Mama, mtoto nimwite nani?"

Alimpigapiga mtoto mgongoni mpaka akacheua, akamfuta.

"Ile asubuhi aliyoondoka," akasema, "nilimwambia asiende. Nilimwambia, teremka, kaa nao, waambie samaki alikuwa samaki. Watacheka, na wewe utacheka nao, yatakwisha. Akasema, 'Tsirl, nitakaa nao nikirudi.' Akaenda. Sikumsindikiza mpaka njia panda. Nilikuwa na hasira, nikabaki nakwangua nta sakafuni. Ilikuwa imekauka, nikaikwangua na kisu."

"Unadhani yu hai?"

"Sijui."

"Kama amekufa, na jina lake halina wa kulibeba..."

"Hinde, sijasema yu hai. Nasema mimi na huyo mtu hatujamaliza kuzungumza." Sauti yake haikupanda. "Ukimpa mtoto jina hilo, kila nikiita nitakuwa namwita mtoto. Na yeye nitamwitaje?"

Nje watoto wa shule walikuwa wanaanza kukusanyika mlangoni, kwa maana jioni kabla ya tohara huja kumsomea mtoto sala na kupewa peremende na dengu za kuchemsha. Mwalimu wao alikuwa anawanyamazisha. Nilikuwa na muda mfupi. Mizani ilikuwa ileile ya asubuhi, hakuna aliyeongeza jiwe upande wowote kuhusu kufa wala kuishi. Ila nilijua sasa ni nani mwingine anayelihitaji jina lile, na kwamba analihitaji zaidi ya sisi.

Nikamwita Getzl, nikamwambia sikioni. Masikio yake yakawa mekundu.

"Una hakika?" akauliza. "Yule wa matango?"

"Bibi alimshika mkono," nikasema. "Ndiye huyohuyo."

Asubuhi benchi zima lilikuja na makoti ya sabato. Yoine alisimama wima mlangoni kama mlinzi. Mtoto alilia, divai ikasomewa baraka, na mtahiri akatangaza kwa sauti ya kusikika jikoni tulikokaa wanawake kwamba jina lake katika Israeli ni Kalmen, mwana wa Getzl. Nilisikia Fishl akivuta pumzi. Lakini baadaye alikula vipande vitatu vya keki ya asali, na Berish akamwombea mtoto mgongo mzuri.

Mwaka umepita na mwingine unakaribia kuisha. Sikuzaa tena, kama mkunga alivyosema. Kuna siku huamka nikiogopa kwamba nilimkosesha baba kitu ambacho hakuna atakayempa, na hofu hiyo hainitoki mpaka mchana. Benchi bado lipo. Habari za baba wanazizungumza kwa nadra, na mama akitoka na birika wanamuuliza kuhusu bei ya sukari.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, bata wanapiga kelele kwenye matenga. Mama alikuwa anamimina chai, mimi namfukuza Kalmen asiguse samovari. Ng'ambo ya gari la viazi sauti ya mwanamume ikaita, "Feivish! Feivish, we!"

Mama aligeuka. Aligeuka kwa mwili mzima, haraka, kama wasichana wanavyogeuka, birika bado limeinama mkononi na chai inamiminika chini kwenye vumbi. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kwa neno la kwanza.

Alikuwa mchuna ngozi mmoja wa Rudka, akimwita mwanawe amshikie farasi.

Mama akainua birika, akalitikisa kusikia kilichobaki, akaangalia ni bilauri ya nani ambayo haijajaa.